Darasa Lililofutiwa Mtihani wa Hesabu

Lori la pamba lilinishusha Kasoli, upande wa Bariadi, asubuhi, na kutoka hapo nikatembea nusu siku na sanduku langu la bati kichwani hadi nikaiona bendera. Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa kijana wa Daraja la Pili, maana yake mwalimu aliyesoma hadi darasa la nane kisha akafunzwa ualimu miaka miwili. Shule yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu wajukuu wa waliohusika bado wanaishi pale. Ilikuwa na vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa nyasi, katikati ya mbuga ya udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hung'ang'ania mguu.

Mwalimu Mkuu alinipokea penye mlingoti. Alikuwa amepigana Burma, na tangu arudi hakuacha kuvaa kaptula iliyopigwa pasi wala kubana fimbo kwapani.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu kwa Kisukuma, kama kijana anavyomsalimu mkubwa wake.

"Hapa shuleni ni Kiswahili," alinijibu. "Jina?"

"Petro, bwana."

"Somo gani unalipenda?"

"Hesabu, bwana."

"Basi hesabu ni yako, Mwalimu Petro. Njoo usikie wenzako tumefika wapi."

Akanipeleka darasa la kwanza. Alipoinua fimbo, watoto wote walisimama wakaimba majedwali, yaani orodha za kuzidisha: mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne, mpaka mwisho, kwa sauti moja, bila kukosea hata neno. Nilivutiwa. Nikamwomba msichana mmoja wa mbele atoke nje aniletee mawe manne. Alinitazama. Kisha akaanza kuimba upya, mbili mara moja mbili.

"Umeona?" alisema Mwalimu Mkuu. "Anajua."

"Bwana, nimemwomba mawe."

"Mawe ya nini? Mtihani hauulizi mawe."

Jioni ile, nikiwa kwenye kibanda walichonipa, nilielewa kazi niliyoletewa. Watoto wale nyumbani walisema Kisukuma kitupu. Kiswahili walikuwa wanakisikia kwa mara ya kwanza hapo darasani, na namba za Kiswahili kwao zilikuwa wimbo wa kigeni. Walikuwa wanaimba kitu wasichokijua.

Ninyi walimu vijana hamjui mambo yalivyokuwa miaka ile ya hamsini, kwa hiyo nieleze. Shule ya msingi iliishia darasa la nne. Hapo palikuwa na mtihani, na waliochaguliwa walikwenda shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Mtoto akianguka hakuna kurudia. Anarudi kuchunga na kulima pamba, na shule inakuwa jambo lililompita. Katika mtihani huo, karatasi ya hesabu ndiyo iliyowaangusha wengi.

Nilianza na vijiti. Kila mtoto alikata vijiti vyake mbugani, akavifunga kumi kumi kwa kamba ya katani. Fungu moja ni kumi, vijiti vilivyobaki ni mamoja. Nilihesabu nao kwanza kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, halafu kwa Kiswahili tukishika vijiti vilevile, mpaka moja ikawa ndiyo imo na mbili ndiyo ibili. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulifanya hesabu za kichwa: nauliza kwa mdomo, wanajibu bila kuandika. Baadaye vibao vya mawe na kalamu zake. Daftari la karatasi hawakuligusa mpaka darasa la tatu. Msichana yule wa mawe manne, aliyeitwa Nkwimba, alikuwa wa kwanza kuacha kuimba. Nikimuuliza mbili mara tatu, alikuwa anatazama vijiti kwanza, halafu anajibu.

Tulipofika kutoa kwa kukopa, niliandika ubaoni hamsini na mbili toa kumi na saba. Nikasema kama nilivyofundishwa chuoni: mbili haitoi saba, kwa hiyo tunakopa kumi kwa jirani.

Nkwimba akainua mkono. "Mwalimu, huyo jirani tutamrudishia lini?"

Darasa zima lilicheka, na mimi pia. Siku iliyofuata nilileta mafungu matano na vijiti viwili, nikafungua fungu moja mbele yao. Hatujakopa kwa mtu, niliwaambia, tumefungua fungu letu wenyewe. Tangu hapo katika darasa langu neno lilikuwa kufungua. Msimamizi wa Shule, Mwafrika mwenzetu aliyezunguka na pikipiki kukagua shule za eneo lile, alinikuta nikilitumia akanikatiza.

"Kitabu kinasema kukopa, Mwalimu Petro."

"Wanaelewa zaidi hivi, bwana."

"Mtihani utaandikwa kwa maneno ya kitabu. Siku hiyo wewe hutakuwepo kuwatafsiria."

Alisema bila ukali. Nilimwona mtu mgumu tu, nikaendelea na kufungua kwangu.

Upinzani mwingine ulitoka nyumbani. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe kwa kidole, wala hahesabu watoto wa mwenzake. Mwenye ng'ombe anawajua kwa rangi na pembe, na jioni akisimama mlangoni pa zizi anaona nani hayupo. Asubuhi moja baba yake Nkwimba, Mzee Lushinge, alikuja shuleni na rungu mkononi.

"Mwalimu, binti yangu amehesabu ng'ombe wangu. Mbele ya wageni. Akaitaja namba."

"Alikosea, mzee?"

"Hakukosea. Hilo ndilo baya."

Tulikaa kwenye ukingo wa baraza mpaka jua likawa utosini. Nilimwahidi kwamba watoto watahesabu vijiti, mbegu, mistari ya pamba na hatua za miguu, lakini zizi hawataligusa. Aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Kesho yake Nkwimba alikuja shuleni, nikajua imekubaliwa.

Desturi ya pale ilikuwa mwalimu kupanda na darasa lake. Nilipanda nao la pili, la tatu, la nne. Njiani tulipoteza wengi. Wengine walitolewa wakachunge, wasichana wengine waliozwa, na masika moja homa iliwachukua wawili. Walipoingia darasa la nne walikuwa wamebaki thelathini na mmoja.

Mwaka huo Bwana Elimu mwenyewe, Mzungu aliyesimamia elimu ya wilaya nzima, alifika na gari lake. Wakati ule Bariadi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, na ofisi yake ilikuwa Nyalikungu. Alisimama mbele ya wazazi akasema serikali inafikiria kujenga shule ya kati upande wetu, na kwamba itatazama shule itakayofanya vizuri na wananchi watakaojitolea. Alisema inafikiria. Wazazi walisikia itajenga.

Wiki ile ile walianza kufyatua matofali. Mzee Lushinge alileta mkokoteni wake na maksai wake, akawa anasomba maji kutoka mtoni tangu alfajiri. Wanawake walikanyaga udongo, watoto walibeba nyasi za kufunikia. Matofali yalipangwa safu kwa safu nyuma ya shule, yakingoja kuni za kuyachomea.

Halafu ikaja amri kwamba darasa la nne watumie nusu ya siku kwenye shamba la shule, wajifunze kilimo cha kisasa. Saa za hesabu zikakatwa. Nilimlalamikia Mwalimu Mkuu, nikidhani atafurahi kupata nafasi ya kurudisha nyimbo zake. Aliniuliza tu, "Shambani hakuna hesabu?"

Basi tulihamishia somo shambani. Tulipima urefu kwa yadi na futi, tukatafuta eneo, tukakadiria ratili za pamba kwa kila mstari. Siku moja tuliacha njia ya futi tatu kuzunguka shamba lote, nikawauliza eneo linalobaki ndani. Watoto walibishana wakiwa wamesimama ndani ya tatizo lenyewe. Wengi walipunguza futi tatu mara moja tu. Nkwimba alitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akageuka.

"Njia iko huku na huku," alisema. "Tunapunguza mara mbili."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kando akisikiliza. Tangu siku ile sikumsikia tena akiimbisha majedwali. Alikuja shambani karibu kila siku, fimbo kwapani, akishika ncha ya pili ya kamba ya kupimia.

Siku ya mtihani Msimamizi alikuja na bahasha iliyopigwa lakiri. Sheria ilimkataza mwalimu wa darasa kuwemo chumbani, hivyo wasimamizi walikuwa yeye na Mwalimu Mkuu. Mimi niliwekwa chumba cha pili na darasa la tatu, niwanyamazishe. Ukuta kati ya vyumba vile haukufika juu, uliishia chini ya boriti, na kila kilichosemwa upande wa pili nilikisikia.

Karatasi ya hesabu ilianza vizuri. Nilisikia kalamu tu. Baada ya muda nikasikia sauti ya Nkwimba.

"Bwana, naomba kuuliza. Zulia ni nini?"

"Hakuna maswali," Msimamizi alijibu. "Andika unachojua."

Kisha mvulana mmoja, "Bwana, na mimi zulia silijui." Kisha mwingine. Msimamizi akagonga meza.

Swali lenyewe niliambiwa baadaye. Chumba kina urefu wa futi kumi na tano na upana wa futi kumi na mbili. Zulia limetandikwa humo likaacha futi moja kila upande. Tafuta eneo la zulia. Lilikuwa shamba letu na njia yake, hakuna tofauti. Lakini nani katika mbuga ile aliwahi kuona zulia? Hawakujua kama ni mnyama, kama ni ukuta, kama ni kitu cha kumwagwa.

Nilisikia viatu vya Mwalimu Mkuu vikitembea, vikasimama, vikatembea tena. Nilisikia mtoto akilia kwa kujizuia. Kisha Mwalimu Mkuu, aliyenikataza Kisukuma siku yangu ya kwanza, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ile ya gwaride:

"Ni mkeka! Ni mkeka wa kutandika ndani ya nyumba, wanangu. Mkeka tu!"

Kalamu zote zilianza kuandika kwa wakati mmoja. Kisha Msimamizi akasema, "Wekeni kalamu chini."

Nilipotoka barazani nilimkuta Msimamizi anazifunga karatasi kwa uzi.

"Bwana, ni neno moja," nilimwambia. "Hakuwapa jibu."

"Nimesikia alichosema, na watoto wamesikia, na nyumbani watakisema. Kuna shule nyingine kumi leo zimekaa na neno hilo hilo, Mwalimu Petro, na hakuna aliyewaambia. Hao nitawajibu nini?"

"Basi futa swali hilo peke yake."

"Sina mamlaka ya kufuta swali. Nina mamlaka ya kutoa taarifa."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshuka chini penye mlingoti. Hakujitetea. Alipopita Msimamizi na bahasha yake, alimpigia saluti.

Jibu la taarifa ile lilirudi haraka kuliko tulivyotegemea. Mtihani wa shule yetu ulifutwa, karatasi zote, za hesabu na zisizo za hesabu. Mwalimu Mkuu aliachishwa kazi bila kiinua mgongo. Nilipanda baiskeli nikaenda Nyalikungu, safari ya kutwa nzima, kumwomba Bwana Elimu awape watoto karatasi nyingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Mwalimu, hawa watoto wako wakifanya tena wakafaulu wote, unafikiri nini kitatokea?"

"Watakwenda shule ya kati, bwana."

Alichukua kipande cha karatasi. Aliandika nafasi zilizokuwapo katika shule ya kati, akazigawa kwa idadi ya shule zetu, polepole, kama ninavyofanya mimi ubaoni. Akapiga mstari chini ya jibu, nafasi za kila shule. Tatu.

"Na ile shule mpya, bwana? Wazazi wamefyatua matofali."

"Fedha zimepunguzwa. Haitajengwa kwenu wala kwingine. Barua iko njiani." Akanisogezea kile kipande cha karatasi. "Hiyo ndiyo hesabu, Mwalimu. Mimi sikuitunga."

Niliitazama. Nilitafuta kosa, kama nilivyozoea kutafuta kosa katika vibao vya watoto. Ilikuwa sahihi.

Kurudi nilitembea zaidi kuliko nilivyoendesha. Niliwakuta watoto wamekaa nje ya shule, ingawa hawakuwa na sababu tena ya kuja. Niliwaambia kwa Kisukuma. Hakuna aliyelia. Nkwimba aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, jibu lilikuwa mia moja na thelathini?"

"Ndiyo. Kumi na tatu mara kumi."

Alitikisa kichwa kukubali, akainuka, akaenda nyumbani. Mwaka huo huo aliolewa upande wa Lamadi, kando ya ziwa, kwa watu wa samaki. Mzee Lushinge alikuja kuniona baada ya arusi. Alisimama nyuma ya shule akitazama safu za matofali, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyachoma.

"Nilikukataza usiwafundishe kuhesabu mali yangu," alisema. "Ningekukataza na kutufundisha kutumaini haya."

Mvua zilipoanza matofali yalilainika kutoka juu. Kufikia katikati ya masika palikuwa na tuta la udongo, na mbuzi walilala juu yake.

Nilihamishwa mara nyingi baada ya hapo. Nilifundisha Nyalikungu, nikafundisha Lamadi, nikarudi Bariadi mjini. Uhuru ulikuja, madarasa ya tano hadi saba yakaongezwa katika shule za msingi, yadi zikaondoka zikaja mita, na hesabu ikaanza kuitwa hisabati. Nilisimamia mitihani, na baadaye nikawa miongoni mwa waliosahihisha. Mara kadhaa niliandika ngazi za juu kuomba maswali yatumie vitu ambavyo mtoto wa mbugani anavijua. Nilijibiwa kwa heshima. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilisimamia karatasi yenye swali la lifti ya ghorofa. Niliwatazama watoto wa Bariadi wakiinua vichwa, wakitazamana, wakiinamisha tena. Sikusema kitu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nipate pensheni yangu.

Watu husema mwalimu mstaafu hufurahia kuwaona wanafunzi wake wamekuwa wakubwa. Ninao waliokuja kuwa wakubwa, na wakipita hunisalimu. Lakini ninapokaa peke yangu nawaona wale thelathini na mmoja, ambao niliwachukua wakiimba nikawaacha wakijua. Huenda ingekuwa nafuu kama wangebaki wanaimba. Mtu asiyejua hajui kilichompita.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa amezeeka sana, haoni vizuri, analala kwenye kitanda cha kamba ndani ya nyumba ya mwanawe. Alinitambua kwa sauti. Tuliongea juu ya mvua, juu ya ng'ombe, juu ya waliokufa. Kisha akanishika mkono.

"Petro. Ulikuwa mwalimu wa hesabu, huwezi kunidanganya. Nisingefungua mdomo, wangefaulu?"

Karatasi zile hakuna aliyewahi kuzisahihisha, kwa hiyo kweli sikuwa na jibu. Hata ningekuwa nalo, lipi lingemfaa? Nikisema wangefaulu, ni yeye aliyewaangusha. Nikisema wasingefaulu, alipoteza kazi na uzee wake kwa watoto ambao hawakuwa na tumaini tangu mwanzo. Mwishowe nikampa kitu pekee nilichokuwa nacho. Nilimweleza ya Nyalikungu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kile kipande cha karatasi, ule mgawanyo, na mstari chini ya jibu.

"Hata wangefaulu wote, Mwalimu Mkuu," nilimwambia, "nafasi zilikuwa tatu tu. Halikuwa kosa lako."

Nilidhani nimemtua mzigo. Lakini aliuachia mkono wangu, akageukia ukutani.

"Watatu nao ni watoto," alisema.